Kalamu Chumbani: Maneno ya Kumkumbuka Reginald Mengi

(Niliyasema haya kumkumbuka Mzee Reginald Mengi, tajiri wa viwanda na vyombo vya habari, mbele ya wanachama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Moshi, mwezi Mei. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nikapunguza tu pale nilipojirudia.)

Mwenyekiti, mama mhazini, wanachama wenzangu, na nyie vijana mliokuja mkidhani leo pilau linatangulia hotuba: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Naombeni kalamu. Yoyote ya wino, ile ya bei ya chini kabisa. Asante mwenyekiti. Usiniangalie hivyo, nitairudisha.

Tazameni. Huu mfuniko. Hiki hapa nyuma ni kizibo, wanafunzi wetu walikuwa wakikitafuna mpaka kinageuka ubuyu. Hili ganda. Huu mrija wa wino. Na hii hapa mbele, ambayo wengi hamuioni mlikokaa, ni ncha ya shaba yenye kigololi kidogo kuliko punje ya ulezi. Vitu vitano. Mtoto wa darasa la pili ukimpa muda anavitenganisha, na asipovipoteza anavirudishia.

Kwa vitu hivi vitano ndipo mzee tunayemkumbuka leo alipoanzia. Hakuanza na televisheni, wala soda, wala maji ya chupa yenye jina la mlima wetu. Reginald Mengi alianza kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake, chumbani, Dar es Salaam. Na alipokuwa akifanya hivyo hakuwa mtu wa kuhangaika na njaa. Alikuwa mhasibu, bwana mkubwa wa ofisi, amevaa tai. Jioni anarudi nyumbani kuchomeka mirija kwenye maganda. Nataka mkae na picha hiyo kwanza, maana mkimwacha aanze akiwa tajiri hamtaelewa chochote nitakachosema.

Wengine mnanijua kama mama wa duka la madaftari pale karibu na stendi. Kabla ya duka nilikuwa mwalimu, na mwaka 1982 nilikuwa nafundisha shule ya msingi huku juu mlimani, kijana kabisa, mshahara mdogo na viatu vya jozi moja. Walimu wanne tulikuwa na kalamu nyekundu moja. Moja! Ilikaa ofisini ndani ya kikopo, na mwenye zamu ya kusahihisha aliichukua kama mtu anavyochukua ufunguo wa ghala. Ikigoma, tunaisugua kwenye soli ya ndala. Ikigoma tena, unaichomoa ncha, unapuliza kwa mdomo, unarudi nyumbani midomo myekundu watu wanauliza umekula nini. Wakati wa baridi ya mwezi wa saba tuliipasha juu ya chemli ili wino uteremke. Siku moja mwenzangu aliipasha ikazidi, mrija ukayeyuka, na wiki nzima watoto wale hawakujua kama wamepata au wamekosa.

Vijana mnacheka. Chekeni. Ila huo ndio ulikuwa uchumi wenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya umefungwa. Tukapigana na Idi Amin mwaka 1978 na 1979, na vita ile tuliilipia sisi wenyewe. Mafuta yakapanda bei duniani. Fedha za kigeni hakuna, kwa hiyo viwanda vilivyokuwepo havikuwa na malighafi. Sabuni ya kuogea, dawa ya meno, sukari, betri za tochi, vyote kwa foleni au kwa kujuana. Tuliokaa karibu na Holili, hapa mpakani, tulijua njia za usiku za kwenda Taveta, upande wa Kenya, na aliyekuwa nazo hakuziandika kwenye daftari lolote.

Sasa katika hali hiyo, mtu kuitwa mfanyabiashara ilikuwa tusi. Mnasikia neno hilo leo mnavuta tai. Enzi zile lilikuwa jirani wa mlanguzi, na mlanguzi alikuwa jirani wa kupe, mnyonyaji, adui wa wananchi. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeshasema kiongozi asiwe na hisa wala nyumba ya kupangisha. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi, na watu wakatupa mali zao wenyewe usiku. Sukari ilimwagwa mtoni. Nilimwona kwa macho yangu jirani akizika marobota ya vitenge chini ya migomba, na mvua iliponyesha maji yalitoka kihambani yamebadilika rangi. Sisemi Sokoine alikosea, watu walikuwa wamechoshwa na ulanguzi. Nasema tu kwamba miaka ile ya mwanzo wa 80 haikuwa ya kujitangaza kuwa una kiwanda chumbani.

Yeye akaunganisha kalamu.

Mnajua kwa nini kalamu? Mimi nimelifikiria hili kwa miaka, na nawaambia mawazo yangu, si ya yeyote mwingine. Mtu wa kawaida akipata mtaji anaangalia wenzake wanauza nini. Jirani kafungua saluni, na yeye saluni. Mtaa mmoja una mabanda sita ya chipsi, la saba linajengwa. Mhasibu kazi yake ni nyingine. Anafungua daftari, anapitisha kidole safu kwa safu, na kidole kinasimama pale penye pengo. Kilichopo hakimshughulishi, kipo. Kinachomnyima usingizi ni kile ambacho kingepaswa kuwepo na hakipo. Nchi nzima inaandika, shule, benki, mahakama, polisi, na haina cha kuandikia. Pengo hilo walimu wote tuliliona. Tuliliona, tukapuliza mirija.

Turudi nyuma kidogo, maana mtu hazaliwi na tai shingoni.

Ni wa hapa hapa, Machame, Nkuu. Baba yake ni Abraham, mama yake Ndeekyo, watoto saba. Wazee wenzangu mliokulia kwenye nyumba za msonge hamhitaji kuelezwa: katikati moto, upande huu watu, upande ule ng'ombe na mbuzi. Usiku ng'ombe anacheua, mtoto analala kwa sauti hiyo. Mzee Mengi hakulificha hilo hata alipokuwa na kila kitu. Alilisimulia mbele ya mabalozi na mawaziri, kwamba amelala nyumba moja na mifugo, kwamba kipande cha ardhi cha kwao hakikufika hata ekari. Kuna watu wakishapanda wanasahau mlango waliotokea. Kuna wengine, na hawa nao nawaogopa, wanasimulia umaskini wao kama medali. Yeye nadhani alikuwa katikati. Alipenda kuusimulia, tukubali, ila alipousimulia alikuwa akimtazama aliye ndani yake bado.

Akasoma shule ya kijijini, akaenda Siha, akaenda Old Moshi. Kisha Uingereza, kwanza Glasgow, uhasibu. Akamalizia mafunzo yake kwenye kampuni ya Cooper Brothers. Mwaka 1971 akarudi. Hapo nasimama. Mwaka 1971 mhasibu Mwafrika mwenye vyeti vya Uingereza angeweza kubaki, na wapo waliobaki, wajukuu zao leo wanaongea Kiswahili cha kuokoteza. Alirudi kwenye nchi iliyokuwa inataifisha. Akajiunga na kampuni ya uhasibu ya Coopers & Lybrand hapa nchini, akapanda mpaka akaiongoza, akaiacha mwaka 1989 ili ashughulike na biashara zake.

Hesabuni wenyewe. Kalamu zimeanza yeye akiwa bado ofisini. Kwa hiyo miaka kadhaa alikuwa na mguu mmoja huku na mmoja kule. Vijana wengi mnaniambia, mama, nimeacha kazi nimejiajiri, na ukiuliza umejiajiri wapi bado unatafuta. Huyu mshahara hakuuachia mpaka kile cha chumbani kilipoweza kusimama chenyewe.

Kampuni ikaitwa IPP. Baada ya kalamu zikaja sabuni, dawa ya viatu na vingine. Hapa Moshi mnaijua Bonite, kiwanda chake cha vinywaji, wengine baba zenu wamefanya kazi pale, na maji ya Kilimanjaro yanatoka pale. Kisha habari. Mkumbuke kwamba Tanzania Bara hatukuwa na televisheni hata moja mpaka mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 70, sisi tukiwatania kwa karafuu. ITV na Radio One zikaja mwaka huo wa 1994, magazeti ya Nipashe na The Guardian nayo kwenye miaka ile ile. Televisheni ya serikali ilikuja baadaye. Ilipotufikia huku, nyumba yenye TV ilijulikana kwa ndala mlangoni. Saa mbili usiku, taarifa ya habari, sebule ya mtu mmoja ina watu ishirini na mwenye nyumba kakosa pa kukaa.

Jarida la Forbes mwaka 2014 lilimkadiria kuwa na dola milioni 560. Sina la kusema juu ya tarakimu hiyo. Nikiizidisha kuwa shilingi kikokotoo changu cha dukani kinaandika herufi E.

Nisiwafiche, hakuwa malaika. Mwenye magazeti na televisheni ana fimbo ndefu, na mwenye fimbo ndefu kuna siku humgusa asiyekusudiwa. Aligombana na wakubwa wenzake, tena hadharani. Mwaka 2009 aliita waandishi akataja wafanyabiashara watano, akawaita mapapa wa ufisadi. Mmoja wao akajibu kwamba kama wao ni mapapa basi Mengi ni nyangumi. Nchi nzima ikageuka soko la samaki kwa wiki kadhaa! Nani alikuwa na haki sitaingia, sikuwa na faili mkononi na nyie hamna. Nimelitaja ili mtu asiondoke hapa akasema yule mama alituchorea mtakatifu.

Na mnaotaka nizungumzie mirathi, mtanisamehe. Nimeona mnavyonong'onezana kule nyuma. Kaburi lina wenyewe na nyumba ina wenyewe.

La familia nitakalosema ni hili. Mwaka 2005 alimzika mwanawe, Rodney. Waliomzika mtoto humu ndani wapo, nawajua, sitawatazama. Mzazi akishapita hapo, kila anachofanya baadaye kina kivuli. Uzeeni akajaliwa mapacha wa kiume, na picha zake na wale watoto ndizo picha pekee ambazo mimi nimemwona hana uso wa mkutano. Nguo imekunjamana, mtoto kamshika sikio. Wanaume wa umri wake tuliowajua huku kwetu walibeba watoto wa wenzao kanisani siku ya ubatizo tu.

Sasa nije kwenye lile nililoombwa kulisema, ukarimu.

Mithali inasema kutoa ni moyo, si utajiri. Nina ugomvi na mithali hiyo. Ugomvi wangu ulianza dukani kwangu. Nilipostaafu nilifungua duka kwa kiinua mgongo, na nilikuwa na moyo, wee! Mtoto hana daftari, chukua. Harambee ya kanisa, natoa elfu hamsini, jina langu linasomwa. Msiba, nabeba mchele. Mwezi wa nane mwenye mzigo akaja kudai pesa yake na droo ilikuwa na sarafu na stika za Yesu. Nilifunga duka miezi miwili. Ndipo nikaelewa kwamba muda wote ule sikuwa natoa changu. Nilikuwa natoa madaftari ya yule bwana wa Dar es Salaam aliyeniamini kwa mali kauli. Moyo wangu, mali yake. Mchele wa msiba aliupika yeye na hakualikwa hata kwenye matanga.

Mtu aliyefundishwa uhasibu anajua lipi lake na lipi la mwenye mzigo, la serikali, la mfanyakazi. Akishayatoa hayo yote, kinachobaki ndicho anaweza kukiita sadaka. Kwa hiyo ninapomwona Mzee Mengi analipa watoto wenye matatizo ya moyo wapelekwe India wakafanyiwe upasuaji, mwaka huu, na mwaka unaofuata, na unaofuata, mimi macho yangu yanakwenda kwenye huko kufuatana. Mtu yeyote akiguswa anaweza kumpeleka mtoto mmoja. Picha gazetini, machozi, imekwisha. Kurudia kila mwaka kunataka mtu aliyeiweka sadaka kwenye daftari kabla mwaka haujaanza, safu yake yenyewe, kama mishahara na umeme. Miti vivyo hivyo. Alipanda na kupandisha mamilioni ya miti huku mlimani, na mti ni kiumbe asiyejua kushukuru. Humwoni akipiga makofi. Ukimpanda Machi, Agosti unamkuta kaliwa na mbuzi, unapanda tena.

Kuna lile shindano lake la Twitter, vijana mnalikumbuka, aliuliza watu watoe mawazo ya kupambana na umaskini, na mwenye wazo zuri akapewa fedha. Mzee wa miaka sabini anawauliza watoto wa simu wanafikiri nini. Mimi wakati huo nilikuwa bado namnyang'anya mwanangu simu.

Na kuna kile chakula.

Hiki nakisema polepole maana kinanihusu vibaya. Kila mwaka, mwaka mpya ukishaingia, alikuwa akiwaalika watu wenye ulemavu chakula cha mchana, Dar es Salaam, ukumbi wa Diamond Jubilee. Tulikuwa tunaona kwenye ITV. Na mimi, mbele ya TV, na kikombe changu cha chai, nilikuwa nasema: anajionyesha. Kamera ni zake, ukumbi kalipa, na walemavu ndio mapambo. Nilisema hivyo kwa miaka. Nilijiona mwerevu sana.

Nina mtoto wa marehemu dada yangu. Miguu yake ilipooza akiwa mdogo, anatembea kwa magongo. Alikuwa akiishi Dar es Salaam, anatengeneza redio na simu kibandani. Mwaka mmoja akaalikwa. Aliporudi akanipigia, na nikawa namsubiri aniambie kama nilivyodhani, nikamwuliza: "Haya, mmepigwa picha?" Akasema, "Tumepigwa." Akanyamaza. Kisha akasema, "Mama mdogo, kuna kijana mhudumu alikuja pale mezani akaniuliza nakunywa soda gani. Nikamwambia yoyote. Akasema hapana kaka, chagua. Nikamwambia lete tu yoyote. Akasimama. Akasema zipo hizi na hizi na hizi. Mama mdogo, nilishindwa."

Sikumwelewa. Nikamwuliza ulishindwa nini, soda?

Akasema, "Nilishindwa kuchagua. Sijui ninayoipenda."

Mtu wa miaka thelathini na kitu. Maisha yake yote, kwenye kila msiba na kila harusi, kuanzia kwangu mimi mama yake mdogo, tumekuwa tukimletea. Tunamkalisha pembeni, mahali pazuri, asisumbuliwe, tunampelekea sahani iliyokwisha kupakuliwa na soda iliyokwisha kufunguliwa. Kwa upendo kabisa! Sijawahi hata siku moja kumwuliza. Na hakulalamika, maana unalalamikaje juu ya kitu ambacho hujui kama kipo?

Hakuongea na Mzee Mengi siku hiyo. Alimwona kwa mbali, kasimama na watu. Hotuba haikumbuki. Sahani alisema ilikuwa nzito na kitambaa cha meza kilikuwa cheupe, akaogopa kukichafua. Na kwamba pale mlangoni hakuna aliyemwangalia miguu, kwa sababu kila aliyeingia alikuwa na lake.

Kwa hiyo huenda kamera zilikuwa za kujionyesha. Sijui moyo wa mtu. Nimeacha kujali. Kanisa letu lilikuwa na kamera? Halikuwa nayo. Na halikumwuliza.

Kwetu huku mnajua, mwezi wa Desemba mtu anapanda kutoka Dar es Salaam, anachinja, na nyama ina mgao wake: hii ya baba, hii ya mjomba, hii ya wakwe. Ukikosea kipande umeharibu undugu. Ule ni uhasibu kabla ya Glasgow. Mgao ni namna ya kumwambia mtu nimekuhesabu, nafasi yako naijua. Mimi nadhani mzee yule alikaa mezani na watu ambao mgao uliwasahau, akawahesabia nafasi. Nisiongeze chumvi, ndivyo ninavyoona mimi.

Alhamisi, tarehe 2 Mei 2019, asubuhi, nilikuwa nafungua duka. Radio ya jirani ikasema amefariki Dubai. Mteja wangu wa kwanza siku ile alikuwa mtoto, anataka kalamu mbili, bluu na nyekundu. Nikampa. Nikaanza kulia mbele yake, akadhani pesa yake pungufu.

Mwili uliletwa Dar es Salaam, watu wakamuaga ukumbi wa Karimjee, kisha akaletwa nyumbani. Tarehe 9 ibada ilikuwa kanisa la Moshi mjini, halafu Machame. Wakubwa wa serikali na wa upinzani walikuwepo, watu ambao siku za kawaida hawakai benchi moja. Yule mtoto wa dada alipanda basi kutoka Dar es Salaam. Nikamwambia mwanangu, kanisani hatutapenya, na magongo hayo utakanyagwa. Tukaenda kusimama njia panda ya Machame, maana lazima apite pale akipandishwa.

Barabara ilikuwa imejaa pande zote. Bodaboda, wanafunzi na sare zao, akina mama na mikungu ya ndizi waliyokuwa wameacha kuiuza. Jua lilichomoza vizuri, mlima umejitoa wote. Tukasubiri. Saa moja, saa mbili. Kijana akaanza kutokwa jasho, yale magongo yanakata kwapa ukisimama sana. Nikamwambia kaa kwenye jiwe hili, nikuletee kitu dukani.

Nikageuka kwenda. Nikasimama. Nikarudi.

Nikamwuliza, "Unakunywa nini?"

Akanitajia. Jina kamili, akasema iwe baridi, na nisisahau mrija.

Dukani palikuwa na msongamano, muuza duka hana chenji, anatafuta kwa jirani. Nikiwa bado namsubiri nikasikia ving'ora, watu wakakimbilia ukingoni, na sikuona hata gari moja kwa migongo ya watu. Niliporudi na soda msafara ulikuwa umeshapanda. Nikamwuliza mwanangu ameona. Akasema ameona yote, alisimama. Alianza kuyahesabu magari, akaishia njiani, mtu mbele yake alimziba kwa mwavuli.

Mwenyekiti, kalamu yako hii hapa. Ganda, mrija, ncha, kizibo. Mfuniko umeangukia chini ya meza ya mhazini, naomba kijana mmoja aokote. Na nimeona mama lishe wetu ananipungia mwiko muda mrefu sasa.